Picha Tisa za Mbeba Kibuyu

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu Nyusi,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Mbuzi wa mkaza mjomba wako amekula kalenda ya ukutani, kwa hiyo tarehe hiyo hapo juu nimeiulizia dukani.

Sasa sikiliza. Picha zangu zimeondoka. Jana lori lilifika kwenye ukumbi wa shule, wakasema shule inavunjwa na picha zinapelekwa mjini kutundikwa kwenye ukumbi mpya wa makao makuu. Nikauliza makao makuu yapi, dereva akataja jengo lako. Nilicheka mpaka nikaegemea tairi. Zote tisa zimefungwa kwa magodoro ya bweni. Hakunipa karatasi na mimi sikuomba, maana huko zinakokwenda yupo mtu wangu wa kuzipokea.

Ziangalie kama zimechubuka. Ya kwanza, Mama Sururu akipasua mwamba kutafuta maji, ina ufa kwenye kona. Huo ufa ni wa zamani, usiwasingizie watu wa lori. Ya tatu ni Bwana Nusu akigawa ngamia mmoja kwa koo mbili, na ngamia mwenyewe bado anashangaa. Ya tano ndiyo unayoijua: Mbeba Kibuyu anavuka nyika siku mbili na kibuyu kimejaa, watu wanamngoja kwenye kisima kilichokauka, na yeye midomo imepasuka lakini hajaonja hata tone. Unakumbuka ile likizo ya chuo ulivyosimama uani nikikuchora, kibuyu mkononi? Dakika kumi tu ukalalamika kiu. Mkaza mjomba wako akakunywesha soda, kisha nikakurudisha juani.

Watu huku huniuliza kwa nini sitii jina kwenye picha. Nawaambia nimelitia mara tisa, mwenye macho atalisoma. Mbeba Kibuyu ndiye aliyeshuhudia yote ya nyika hii, kwa hiyo yumo katika kila picha, na katika kila picha nimempa sura yako, na ile nyusi ya kushoto iliyokatika katikati ulipoanguka kwenye ngazi. Hiyo ndiyo sahihi yangu. Sina nyingine.

Niandikie zikifika.

Mjomba wako

---

Tarehe 15 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mkaza Mjomba hamjambo. Pole kwa kalenda. Nimekutumia nyingine pamoja na barua hii, itundikeni juu zaidi.

Picha zilifika salama tarehe 6, wiki nzima kabla ya barua yako kunifikia. Hakuna iliyochubuka. Ule ufa wa kona niliuandika kuwa ni wa zamani. Zote tisa zimeingizwa katika daftari la kupokelea vitu na safu zote zimejazwa: namba, aina, ukubwa, hali, na nyinginezo. Sasa ziko stoo, mahali pakavu, zimesimamishwa na siyo kulazwa.

Kazi inaendelea vizuri. Bado niko katika muda wa majaribio mpaka mwisho wa Juni, kwa hiyo najitahidi kutokosea. Samahani kwa ufupi wa barua.

Mpwa wako

---

Tarehe 27 Februari

Nyusi,

Kalenda imefika. Mbuzi ameiona.

Barua yako nimeisomewa mara mbili na kila mara naona kama umeiandika umevaa tai. Umenieleza stoo ni kavu. Stoo nitaifanyia nini? Nieleze picha. Simama mbele yake uniambie unaona nini, rangi kwa rangi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ile nyekundu ya udongo katika ya pili bado inawaka, au imelala? Na Mama Sururu, lile rovu lake la shingoni linaonekana vizuri? Nililipigania sana. Mwalimu mkuu wa enzi zile alitaka nilifute, nikamwambia mama wa watu alikuwa na rovu, alipasua mwamba akiwa nalo, litabaki.

Nimewatangazia wote. Kinyozi ambaye kila mwaka namchorea kichwa ukutani pake ameniambia nikirudi kutoka mjini nitakuwa simjui tena. Nasikia ufunguzi ni tarehe 20 Aprili. Nitakuja. Nataka kitu kimoja tu: kusimama ukumbini na kusikia mtu nisiyemfahamu akisoma kibao cha chini ya picha, mpaka afike kwenye jina langu. Baada ya hapo nipelekeni mnapotaka.

Mjomba wako

---

KUMBUKUMBU YA NDANI

Kutoka: Mkuu wa Idara
Kwenda: Karani wa Mapokezi
Tarehe: 8 Machi

YAH: MABORESHO YA PICHA TISA ZA UKUMBI

Husika na mada tajwa hapo juu.

2. Kwa kuwa daftari ulilolijaza tarehe 6 Februari linaonyesha kwamba mchoraji wa picha hizi hajulikani, idara haina mtu wa kumwomba ridhaa, na imeamua picha ziboreshwe kabla ya ufunguzi.

3. Fundi wa mabango ataanza tarehe 28 Machi. Katika picha ya kwanza ataondoa uvimbe wa shingo ya mwanamke, ambao haupendezi mbele ya wageni. Kuanzia tarehe 6 Aprili atabadilisha uso wa mtu mwenye kibuyu katika picha zote tisa ili ufanane na marehemu baba yake mgeni rasmi. Picha ya marehemu imeambatishwa.

4. Utamsimamia fundi na kuandaa vibao tisa. Mahali pa mchoraji andika kama ilivyo daftarini.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Mkuu wa Idara

---

Tarehe 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimesimama mbele ya picha kama ulivyoagiza. Ile nyekundu ya udongo bado inawaka. Rovu linaonekana vizuri, mwanga wa dirisha la stoo unaliangukia mchana. Ngamia wa Bwana Nusu ana kope ndefu ambazo sikuwahi kuziona nilipokuwa chuo.

Naomba nikuulize jambo la kiofisi. Je, unayo karatasi yoyote inayoonyesha kwamba picha hizi ulizichora wewe? Barua ya shule, risiti ya rangi, hata picha iliyopigwa wakati unachora. Ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Pia nafikiri safari ya tarehe 20 itakuchosha. Basi linachukua siku nzima na ukumbini patakuwa na watu wengi. Pengine ungekuja baadaye kukishatulia.

Mpwa wako

---

Tarehe 24 Machi

Nyusi,

Karatasi ya nini, na wewe upo hapo? Shule iliyonipa kazi imevunjwa. Rangi nilinunua kwa mtu aliyehama. Ofisi ikitaka ushahidi, simama kando ya picha ya tano uwageuzie uso. Kama hawaoni, waazime macho. Si yangu lakini.

Nilikuwa sitaki kukwambia hili. Mwaka jana daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Katikati pamebaki kama tundu la ufunguo, na kila mwezi tundu linapungua. Barua hizi naziandika kwa kuweka rula chini ya kila mstari, ndiyo maana herufi zangu zimekuwa kubwa kama za bango la duka. Zako ananisomea mkaza mjomba wako. Kwa hiyo uliponieleza kope za ngamia nilifunika uso wangu kwa leso, na yeye akasema nimeingiwa na vumbi.

Sitachora nyingine. Hizo tisa ndizo zote. Usiniambie basi litanichosha. Nitakuja.

Mjomba wako

---

Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii naomba Mkaza Mjomba aisome yote bila kuruka, hata akiona aibu kwa niaba yangu.

Daftarini, kwenye safu ya mchoraji, niliandika "Hajulikani". Niliandika mara tisa, kwa mwandiko mzuri.

Siku picha zilipofika tulikuwa wanne stoo: Mkuu wa Idara, mtunza stoo, dereva na mimi. Walipofungua magodoro Mkuu alisimama mbele ya ya tatu, akamtazama yule ngamia, akasema, "Hii kazi ya fundi wa vichwa vya kinyozi." Mtunza stoo akacheka. Dereva akacheka. Mjomba, na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti kuliko mtunza stoo, na nilipomaliza nikaona hakuna mwingine aliyekuwa bado anacheka. Mkuu akanigeukia. "Karani, wewe si unatoka upande huo? Nani kazichora?" Nikajibu, "Hajulikani, mkuu." Lilitoka lenyewe. Mkuu akasema, "Basi andika hivyo," nikaandika.

Nilikuwa na sababu, na nimeirudia moyoni mpaka imechakaa. Wiki mbili kabla, mpiga chapa aliyekuwa katika majaribio kama mimi aliondolewa kazini kwa sababu alipokea viti vilivyotengenezwa na kaka yake na hakutangaza undugu. Nilimwona akitoka na kikombe chake cha chai kwenye mfuko wa plastiki. Niliogopa. Lakini ukweli ni kwamba ipo fomu ya kutangaza undugu. Ina ukurasa mmoja. Ningeijaza asubuhi ile ile na wala nisingefukuzwa. Sikuijaza kwa sababu nilikuwa nimekwisha kucheka.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniwia zito kuliko yote. Tangu tarehe 7 Februari, kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, naijaza nyusi yangu ya kushoto kwa wanja. Nilinunua kopo dogo nikamwambia muuzaji ni la dada yangu. Mtunza stoo ameniuliza, "Karani, siku hizi una nyusi za bibi harusi, lini unatualika?" Nikicheka naye, nyuma yake naiona nyusi yangu ikinitazama kutoka kwenye picha ya tano, imekatika vile vile ulivyoiona.

Matokeo yake ni haya. Kwa kuwa mchoraji hajulikani, wanazibadilisha. Tarehe 28 Machi fundi alifuta rovu la Mama Sururu. Mimi ndiye niliyemsimamia. Nilimshikia kopo la rangi. Shingo yake sasa ni nyororo kama ya mwanamke wa tangazo la sabuni, na sururu mkononi mwake haieleweki inatafuta nini. Tarehe 6, siku nne kutoka leo, ataanza kuufuta uso wa Mbeba Kibuyu katika zote tisa. Hapo itakuwa kweli: hakuna atakayeweza kujua ni nani aliyezichora.

Ulipoandika kwamba huko kuna mtu wako wa kuzipokea, alikuwa mimi. Ulipoandika kuhusu macho yako nilikuwa na kumbukumbu ya Mkuu ya kuzibadilisha picha mfukoni tangu tarehe 8 Machi. Nilikuomba karatasi ili karatasi iseme badala yangu.

Kesho naenda kwa Mkuu.

Mpwa wako

---

Tarehe 3 Aprili

Kwa Mkuu wa Idara

YAH: KUSAHIHISHA DAFTARI LA KUPOKELEA VITU

Husika na mada tajwa hapo juu.

2. Maandishi yangu ya tarehe 6 Februari katika safu ya mchoraji, kwa picha zote tisa, si ya kweli. Mchoraji ninamfahamu. Ni kaka wa mama yangu mzazi, yuko hai, na anaweza kuombwa ridhaa. Nilimfahamu wakati ninaandika.

3. Naomba kazi ya fundi isimamishwe. Fomu ya kutangaza undugu nimeijaza na kuiambatisha. Najua nimechelewa.

Karani wa Mapokezi

---

Tarehe 11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu. Sikulaumu, naandika tu yaliyotokea.

Mkuu aliisoma barua yangu mimi nikiwa nimesimama. Akauliza, "Karibu miezi miwili mchoraji alikuwa hajulikani. Leo ni mjomba wako. Kesho atakuwa babu yako? Ushahidi uko wapi?" Nikasema uko stoo.

Tukashuka, yeye, mtunza stoo na fundi wa mabango. Nikasimama kando ya picha ya tano, nikatoa leso nikailowesha kwa mate, nikafuta wanja. Ilichukua muda, maana nilikuwa nimeupaka mwingi. Nikaondoa leso. Kisha fundi wa mabango akasogea, akanitazama mimi, akaitazama picha, akaenda ya nne, ya saba, ya tisa, akarudi. Akamwambia Mkuu, "Mzee, mimi hiyo sura siigusi. Ni ya mtu yupo."

Mtunza stoo akasema, "Kumbe bibi harusi ni huyu," lakini safari hii alisema taratibu, na hakuna aliyecheka.

Mkuu akanigeukia. "Na siku ile ulicheka," akasema. Alikumbuka. Nikajibu, "Ndiyo, mkuu, nilicheka." Nadhani hilo ndilo lililonishusha machoni pake kuliko daftari.

Kazi ya fundi imesimama. Vibao vipya vimechapwa, jina lako liko kwenye vyote tisa, nimelihakiki herufi kwa herufi. Muda wangu wa majaribio umeongezwa miezi sita. Daftari nimenyang'anywa, nimepelekwa kwenye chumba cha mafaili ya zamani, chini. Siku ya ufunguzi sitaruhusiwa kupanda ukumbini. Shingo ya Mama Sururu imebaki ilivyo. Fundi anasema akiikwangua atatoa na rangi ya chini.

Ukija, muulize mtunza stoo, atakuonyesha ngazi za kushukia kwangu. Kama hutaki kushuka, nitaelewa.

Mpwa wako

---

Tarehe 26 Aprili

Nyusi,

Marahaba kwa shikamoo zote ambazo hatukuitikia.

(Ni mimi mkaza mjomba wako ninayeandika. Yeye anasema, mimi naandika, na pale anapojifanya naandika langu. Rula ameitupa.)

Tulikuja. Tulifika tarehe 19 jioni, tukalala kwa ndugu yake mkaza mjomba wako, na tarehe 20 tukaingia ukumbini na wageni wengine. Sikumuuliza mtu ngazi. (Alimuuliza. Tulifika mpaka ngazi ya juu kabisa, akashika chuma cha pembeni, akasimama pale, kisha akasema turudi.) Sikuwa na la kukwambia wakati ule. Mtu akikucheka anakuwa amekucheka. Nimechekwa na wengi, na vichwa vya kinyozi nimevichora bila haya, lakini wewe nilikuwa sijakuweka katika hesabu ya watu hao. Sitasema hakijaniuma.

Yule mtunza stoo ndiye aliyesoma vibao. Ana sauti ya mnadani. Nilikuwa nimesimama nyuma sioni chochote ila mwanga wa dirisha. Akasoma ya kwanza, akafika kwenye jina. Nikadhani nitafurahi. Badala yake nikawa nasikiliza kama sauti yako imo. Mara tisa alisoma, mara tisa haikuwemo.

Watu walipoondoka niliomba kugusa. Nikapitisha kidole kwenye shingo ya Mama Sururu. Rangi ya fundi ni nene, inateleza kama bamba la friji, lakini chini yake rovu lipo. Nililijaza rangi kwa kisu enzi zile, haliwezi kufutwa kwa brashi. Linahitaji tu mtu wa kulifunua, taratibu, kwa kitambaa na mafuta ya taa.

Sasa kuna jambo ambalo sikupata kukwambia, na tangu barua yako ya tarehe 2 halinipi usingizi mzuri.

Ile habari ya Mbeba Kibuyu sikuichora kama nilivyoipokea. Bibi yangu aliyenisimulia hakusema kwamba hakuonja. Alisema siku ya pili jua lilipomzidi alikunywa, na si tone, alikunywa mafunda matatu. Akafika kisimani na kibuyu kimepungua. Watu walikuwa hawajui, wangedhani maji yamevuja. Yeye akasimama mbele yao akasema, "Nimekunywa." Wakamtukana, wakagawana yaliyobaki, na asubuhi wakamkabidhi kibuyu tena, maana hakukuwa na mwingine aliyeijua njia. Hivyo ndivyo bibi alivyosimulia, na hapo ndipo alipokuwa akinyamaza.

Nilipokuwa nakutazama pale uani na kiu yako ya dakika kumi, nikaona siwezi kumchora akinywa akiwa na sura yako. Nikamkausha midomo. Nikamfanya bora kuliko alivyokuwa, kama Mkuu wako alivyomfanya Mama Sururu. Nami sikumwomba ridhaa mtu.

(Hapa nilikwenda kuwasha jiko. Niliporudi akasema endelea.)

Likizo yako ikifika nenda kwa huyo Mkuu. Mwambie mchoraji ametoa ridhaa, tena kwa maandishi, kwamba picha ya kwanza irudishwe na ya tano irekebishwe, na kwamba atakuja mwenyewe kusimamia. Macho yatakuwa yako, mkono utakuwa wako, mimi nitakaa kwenye kiti nikukaripie. Kwanza rovu. Kisha ile midomo ya Mbeba Kibuyu. Mpasuko wa chini uufunike, utie unyevu kidogo na tone moja kidevuni, upande wa kulia, linapopigwa na jua. Kibuyu kikae wima kidogo, maana kimepungua.

Nyusi usiiguse.

Tafuta brashi namba mbili, ile nyembamba, huku hazipatikani. Na lile kopo la wanja lililobaki mpe dada yako. Nimesikia ulimnunulia yeye.

Mjomba wako

(Na mimi. Siku hiyo panda kutoka huko chini mapema ule kwanza, uje umeshiba, maana akianza kukaripia haachi.)